Swali Moja la Tumpe

Ikupa alikunywa dawa kwa mafunda matatu, akakunja uso, kisha akaniuliza kama akiamka atanikumbuka.

"Utanikumbuka," nikamwambia. "Utaikumbuka shule, nyumbani, wadogo zako, kila kitu. Kitakachoondoka ni ile siku tu, na siku hizi chache zilizoifuata mpaka leo."

Alikuwa na miaka kumi na mitatu. Yeye na wenzake wawili walimvizia msichana wa shule ya jirani wakampiga ili wamnyang'anye simu, na jicho la kushoto la yule msichana halijaona tena tangu siku hiyo. Sasa Ikupa alikuwa amelala kwenye kiti kirefu, amevikwa kofia ya nyaya, miguu haifiki hata mwisho wa kiti. Fundi alikuwa nyuma ya kioo. Kazi yangu mimi, afisa ustawi, ilikuwa kumshika mkono na kumwongoza asimulie.

Mtaani wanadhani mashine ile inasoma mawazo. Haisomi. Mtoto anasimulia kosa lake mwanzo hadi mwisho, na anaposimulia, kumbukumbu yake inaamka na kuwa laini, kama ugali ambao haujashikana. Dawa inaizuia isigande tena. Baada ya saa nne imekwisha. Fundi anaona tu mahali panapowaka kichwani. Anachosema mtoto kikiwa kweli au uongo, mashine haijui. Kwenye makaratasi tunaita ulegezaji wa kumbukumbu. Mtaani wanasema kuoshwa, neno lile lile linalotumika kwa maiti, na sisi wa kituoni tulikatazwa kulitumia lakini sote tulilitumia.

"Anti Subi," Ikupa akasema kabla hajaanza. "Nikishasahau, nani atamwomba radhi?"

Mwongozo wetu una jibu la swali hilo, ukurasa wa kumi na moja. Nikampa jibu la mwongozo: kwamba serikali imeshaomba radhi kwa niaba yake, na kwamba kazi yake yeye sasa ni kukua vizuri. Akaridhika. Akafumba macho, akasimulia, akalia, na nilimshika mkono mpaka usingizi ukamchukua.

Wenzangu walikuwa wakisema nina moyo wa kazi ile. Walisema hakuna anayekaa na watoto kama ninavyokaa mimi. Niliwaacha waseme hivyo kwa miaka saba.

*

Mchana huo nilikuta jalada jipya mezani kwangu. Lilikuwa ombi la Swali Moja. Nilisoma jina la mwombaji, nikaweka kikombe cha chai chini, nikalisoma tena. Tumpe Kajange.

Aliyeoshwa haruhusiwi kujua alichofanya, na ni kosa kwa yeyote kumwambia. Anachojua ni daraja la kosa lake, lililoandikwa kwenye kadi yake: la kwanza, la pili au la tatu. La tatu maana yake kuna mtu aliumizwa vibaya au alikufa. Lakini wabunge walioitunga sheria ile waliona ni ukatili kumfungia mtu mlango moja kwa moja, wakaweka kifungu kwamba ikitimia miaka kumi na mitano, mwoshwa anaweza kuja kituoni na kuuliza swali moja, na afisa atafungua jalada na kumjibu ndiyo au hapana. Zaidi ya hapo ni kosa la jinai.

Tumpe alikuwa daraja la tatu. Mimi sikuhitaji kufungua jalada lake.

Tulikuwa tunasoma pamoja Igawilo. Mimi nilikuwa nimetimiza miaka kumi na mitano wiki tatu nyuma, yeye alikuwa na kumi na minne. Nyuma ya ghala la viazi kulikuwa na kirikuu, kigari kidogo cha mizigo kinachojiendesha, kimesimama kinachaji, kimejaa magunia kutoka milimani. Nilikuwa nimesikia kwa wavulana wa darasa letu kwamba ukiziba jicho la gari kama lile kwa matope, linajiona kipofu na kurudisha usukani kwa mtu. Nikaliziba. Tumpe alisimama pembeni, akasema, "Subi, twende nyumbani." Nikapanda, nikamwambia akiogopa abaki. Akapanda.

Tulikwenda kama nusu kilomita. Nilikuwa nacheka. Mama Enea, aliyekuwa akituuzia karanga kwenye geti la shule, alikuwa anatembea pembeni ya barabara na beseni kichwani, ametupa mgongo. Sikuwahi kushika usukani maishani mwangu. Nilipotaka kumkwepa nilimfuata.

Tumpe aliruka chini kabla gari halijasimama vizuri. Akakaa kwenye mtaro, akaweka kichwa cha Mama Enea mapajani. Nyonga ya yule mama ilikuwa imekaa mahali ambapo nyonga haikai. Hakuwa ametuona tukija, na dakika zile alikuwa amezirai, hakujua nani alikuwa wapi. Mimi nilisimama juu yao, na maneno niliyosema ni haya, sijawahi kuyasahau hata moja:

"Tumpe, wewe bado una kumi na minne. Watakuosha tu. Mimi nimeshatimiza, mimi watanifunga miaka saba. Sema ulikuwa peke yako. Hutakumbuka, kwa hiyo haitakuuma."

Ndivyo sheria ilivyokuwa wakati ule. Chini ya kumi na tano, kiti. Kuanzia kumi na tano, gereza la vijana. Nilikuwa nimeijua sheria hiyo darasani, kwenye somo la uraia, na nilipata alama nzuri.

Nikakimbia kupitia shamba la mahindi. Wiki mbili baadaye Tumpe alikaa kwenye kiti akasimulia kwamba alikuwa peke yake, na mashine ikachukua kila kitu, uongo wake na ukweli wake pamoja.

*

Nilikwenda ofisini kwa Bwana Kibona, mkuu wa kituo, nikamwambia mwombaji wa saa nane namfahamu.

"Unamfahamu vipi?"

"Tulisoma wote."

Alikuwa anatafuta miwani yake kwenye droo. "Subilaga, Mbeya yote imesoma pamoja. Ukianza kujitoa kwa kila unayemfahamu tutafunga ofisi. Anauliza, unafungua jalada, unasema ndiyo au hapana. Dakika tano."

Ningeweza kumwambia kilichobaki. Nilikuwa nimesimama mbele ya meza yake, mlango umefungwa, hakuna mtu mwingine. Nikasema, "Sawa, mzee," nikatoka. Na huwa najiambia kwamba nilitoka kwa sababu nilitaka nimjibu Tumpe mimi mwenyewe. Huo si ukweli. Nilitoka kwa sababu niliogopa afisa mwingine akilisoma lile jalada kwa makini ataona dalili za mtu wa pili.

*

Alikuja amevaa kitenge cha kijani na sweta, na viatu vyake vilikuwa na udongo mwekundu wa njia ya kiwandani. Nilijua kutoka kwenye fomu kwamba anachambua parachichi kwenye kiwanda kimoja cha Uyole. Mwoshwa wa daraja la tatu haruhusiwi kuendesha chombo cha moto, kufundisha watoto, wala kuhudumia wagonjwa. Tulipokuwa wadogo alikuwa akisema atakuwa nesi.

Alisimama mlangoni akaniangalia.

"Subi," akasema. "Ni wewe kweli?"

"Ni mimi. Karibu ukae."

Alikaa, akaweka mkoba magotini, akaushika kwa mikono miwili. Nikawasha kinasa sauti kama sheria inavyotaka, nikataja tarehe na majina yetu. Nilishangaa sauti yangu ilivyokuwa ya kawaida.

"Kama hupendi uwe wewe, nitaelewa," akasema. "Naweza kusubiri afisa mwingine."

"Kwa nini nisipende?"

"Si wewe ulijua nilichofanya. Mtaa mzima ulijua, ila mimi." Hakusema kwa hasira. "Nilipotoka hapa nilikuja kwenu mara tatu. Dada yako akaniambia umelala. Saa sita mchana. Nikajua kwamba ni kitu kibaya kiasi hicho, kwamba hata Subi hawezi kunitazama. Sikukulaumu. Hata mimi ningejikwepa kama ningeweza."

Nilikuwa nyuma ya pazia siku zote tatu. Nilimwona akiondoka kila mara, na mara ya tatu alikuwa ameniletea daftari langu la hisabati.

"Haya," nikasema. "Uliza swali lako. Kumbuka ni moja, na jibu ni ndiyo au hapana."

"Najua. Nimelifikiria miaka miwili." Akavuta pumzi. "Watu wengi nadhani huuliza kama kuna aliyekufa."

"Wengi, ndiyo."

"Mimi kifo naweza kukikubali. Ajali zinatokea, na watoto ni watoto. Lakini mwaka juzi pale kiwandani mkanda ulimnasa mwenzangu mkono. Nilikwenda kuuzima, Subi, niliuzima mimi. Ila kabla sijaenda, mguu wangu ulirudi nyuma hatua moja. Hakuna aliyeona. Tangu siku hiyo silali vizuri. Nimejiuliza, huu mguu umejifunza wapi kurudi nyuma? Kuna mwanaume alitaka kunioa, Gwakisa, mtu mzuri tu. Akaniuliza, wewe ulifanya nini? Nikamwambia sijui. Akasema hilo linamtosha. Mimi ndiye halikunitosha. Nikamwacha."

Halafu akauliza swali lake taratibu, akitazama kinasa sauti, kama mtu aliyelikariri.

"Yule mtu niliyemuumiza, nilimwacha pale nikakimbia?"

Nikafungua jalada. Nililifungua kwa sababu sheria inataka lifunguliwe mbele ya mwombaji. Ukurasa wa tatu ulikuwa na taarifa ya polisi: mtoto alikutwa na majeruhi, amempakata kichwa, akikataa kuondoka hata gari la wagonjwa lilipofika. Chini yake maneno ya Mama Enea: *Mtoto huyu alikaa nami. Alikuwa ananiimbia.* Hilo la kuimba sikuwa nalijua. Wakati wa kuimba mimi nilikuwa nimeshavuka mahindi.

"Hapana," nikasema.

Alinitazama kama hakusikia.

"Hapana," nikarudia. "Hukukimbia."

Tumpe akainamisha kichwa juu ya mkoba wake. Mabega yalitikisika lakini hakutoa sauti. Alipoinua uso alikuwa amebadilika, kama mtu aliyetua mzigo na bado mkono wake haujaamini.

"Ndaga fijo," akasema kwa kwetu. "Asante sana, Subi. Mungu akubariki kwa kazi hii mnayofanya."

Nikazima kinasa sauti. Nikampa fomu, akasaini. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akainama kidogo kama wanavyoinama kwetu wakimshukuru mtu, akatoka.

Jibu nililompa lilikuwa la kweli na la halali. Lilikuwa limempa alichokuja kutafuta. Nilikaa pale na jalada wazi, nikajaribu kujishawishi kwamba limetosha. Nilijiambia kwamba kumwambia lililobaki ni kuvunja sheria. Nilijiambia kwamba ameondoka na amani, kwa nini nimvuruge. Nikasema pia kwamba Ikupa na wengine kumi na mmoja wananihitaji, na nikifukuzwa watapata afisa asiyejali. Sababu zote zilikuwa nzuri, na ndipo nilipotambua kwamba nilikuwa nazo tayari hata kabla hajaja. Nilikuwa nimezipanga kwa miaka kumi na mitano. Ningeweza kuishi nazo nyingine kumi na mitano, na Tumpe angeendelea kuniombea baraka.

Nikasimama, nikamfuata.

*

Alikuwa kwenye bomba la uani, ananawa uso. Wapishi wa kituo walikuwa mbali kidogo, wanachambua maharage.

"Tumpe."

"Nimesahau kitu?"

"Si wewe uliyekuwa unaendesha."

Akafunga bomba. Maji yalikuwa yanamchuruzika kidevuni na hakuyafuta.

"Lilikuwa gari," nikasema. "Kirikuu cha viazi. Niliendesha mimi. Wewe ulisema twende nyumbani, mimi nikapanda. Aliyegongwa ni Mama Enea wa karanga. Wewe ulikaa naye. Aliyekimbia ni mimi."

"Unasema nini?"

"Na mimi ndiye niliyekuomba useme ulikuwa peke yako. Kwa sababu nilikuwa nimetimiza kumi na tano."

Alitazama mikono yake, kisha akanitazama mimi, kisha akatazama jengo la kituo, chumba kile chenye kiti ambacho dirisha lake lilikuwa nyuma yangu. Nilisubiri anipige. Nafikiri nilitaka anipige, maana baada ya kupigwa mtu huona kama kuna kitu kimelipwa.

"Mama Enea yuko wapi?" akauliza.

"Alifariki. Miaka saba iliyopita. Hakutembea tena vizuri, lakini aliishi miaka minane."

"Nilikwenda kwenye msiba wake," Tumpe akasema. "Nilipika. Nilibeba kuni. Nilikuwa kila msiba nikienda najiuliza, labda ni huyu." Akakaa kwenye ukingo wa karo. "Nimejiuliza kwa watu kumi na wanne. Nimewahesabu."

Akanigeukia.

"Na wewe ulikuwepo kwenye msiba?"

"Hapana."

"Kwa nini?"

"Niliona aibu."

Alitikisa kichwa polepole, si kwa kunikubali. "Uliona aibu ukakaa nyumbani. Mimi nilipewa aibu yako nikatembea nayo, na hata jina lake sikujua." Akasimama, akachukua mkoba. "Umeniambia kwa sababu gani leo? Ili ulale vizuri?"

Ningependa kusema nilimjibu kwa ukweli. Nilisema, "Sijui." Akaondoka kupitia geti, na safari hii hakunishika mkono.

Nilirudi ndani nikamwambia Bwana Kibona kila kitu. Alinisikiliza hadi mwisho, akaniambia kwa upole kwamba kinasa sauti kilikuwa kimezimwa, kwamba bombani hapakuwa na shahidi, na kwamba anaweza kuandika kuwa nimeomba likizo ya ugonjwa. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa ananipa mlango, na kwa muda mfupi nilisimama mbele ya mlango huo nikautazama. Kisha nikamwomba aite polisi, kwa sababu nilijua nikitoka nje kwenda mwenyewe, njiani nitageuka.

*

Kosa nililifanya nikiwa mtoto, kwa hiyo nilishtakiwa mahakama ya watoto, nikiwa na umri wa miaka thelathini. Ukumbi wa kusubiria una mabenchi mafupi na herufi zimechorwa ukutani. Nilikaa magoti yakigusa kidevu. Msichana mmoja wa miaka kama kumi na miwili, aliyekuwa anasubiri zamu yake, aliniuliza, "Mama, wewe umemleta nani?"

"Nimejileta mwenyewe."

Akanitazama sana. Kisha akasogea akaketi benchi jingine.

Hakimu, Mheshimiwa Mwaipopo, alikuwa mwanamke mtu mzima mwenye sauti ya chini. Aliamuru jalada la Tumpe lirekebishwe na kadi yake ifutwe daraja siku hiyo hiyo. Fundi wa kituo aliitwa akaulizwa kama kumbukumbu ya Tumpe inaweza kurudishwa. Akasema haiwezekani. Kilicholegezwa kimekwenda, hakikuhifadhiwa mahali popote.

Kisha hakimu akanigeukia mimi.

"Sheria imebadilishwa tangu wakati ule," akasema. "Sasa kiti ni kwa yeyote aliyekuwa chini ya miaka kumi na minane siku ya kosa. Inahesabiwa siku ya kosa, siyo leo. Kwa hiyo adhabu ambayo sheria inanitaka niipendekeze kwanza, mshtakiwa, ni ulegezaji. Utaondolewa kumbukumbu ya siku ile, na kwa kuwa uliibeba muda mrefu, wataalamu watalegeza na zile zilizoota juu yake. Utajua kwamba wewe ni daraja la tatu na hutajua zaidi. Unasemaje?"

Nilikuwa nimekaa na watoto mia mbili na kitu kwenye kile kiti. Nilijua ladha ya dawa kwa namna walivyokunja uso. Nilijua pia nyuso zao walipoamka, jinsi zilivyokuwa tupu na nyepesi. Na pale, mbele ya hakimu, nilikitamani kile kikombe cha dawa. Nitasema hili kama lilivyokuwa. Nilitamani niamke bila ile sauti yangu inayosema hutakumbuka, kwa hiyo haitakuuma. Nilitaka na mimi isiniume.

"Nitapokea uamuzi wa mahakama," nikasema.

Ni jibu la mtu mwoga linalofanana na jibu la mtu mnyenyekevu. Hakimu aliandika. Kisha akamwita Tumpe, kwa kuwa aliyedhulumiwa ana haki ya kusikilizwa kabla ya adhabu.

Tumpe alikuwa amekaa mstari wa nyuma. Alikuwa hajanisemesha tangu siku ile ya bomba, wiki sita. Akaja mbele akasimama bila kunitazama.

"Mheshimiwa, asioshwe," akasema.

"Eleza kwa nini."

"Mimi nimeoshwa. Mama Enea amekufa. Waliokuwepo siku ile tulikuwa watatu." Alitafuta maneno, akayapata. "Kwenye karatasi imeandikwa kwamba nilikaa na yule mama. Karatasi ni karatasi. Huyu hapa ndiye mtu pekee aliyeniona. Mkimwosha na yeye, siku yangu nzima itakuwa haina mtu. Mimi sitaki afungwe wala sitaki asifungwe, hilo mtajua ninyi. Ila asisahau. Alishaniomba mimi nisahau kwa ajili yake, nikasahau. Yeye abaki nayo."

Mheshimiwa Mwaipopo alivua miwani, akaniuliza kama nina pingamizi.

"Sina," nikasema, na safari hii nilimaanisha, ingawa bado nilikitamani kile kikombe kilichoondolewa mbele yangu.

Nilihukumiwa miaka minne ya kutumikia wodi ya mifupa kila siku, bila ujira. Nilifukuzwa kazi ya ustawi na sitashika tena mtoto mkono kwenye kiti kile. Hakimu akaongeza mstari ambao karani alisema hajawahi kuuandika: kwamba nisilegezwe kumbukumbu ya siku ile maisha yangu yote, hata nikiomba.

Nilipotoka, Tumpe alikuwa kwenye korido, kwenye benchi fupi. Akasogeza mkoba wake. Nikakaa.

"Sijakusamehe," akasema. "Usije ukafikiri."

"Sifikiri."

"Nisimulie tu. Yote. Tangu mlipotoka shule."

"Tulipotoka."

"Tulipotoka," akasema, kwa taabu, kama neno la lugha anayojifunza.

Nikamsimulia. Ghala, magunia, yeye kusema twende nyumbani. Nilipofika kwenye yale maneno niliyomwambia pale mtaroni, nikaanza kuyapunguza. Nikasema nilikuwa nimechanganyikiwa, nilikuwa mtoto, sikuwa najua nasema nini.

"Usilainishe," akasema. "Sema kama ulivyosema."

Nikayasema kama nilivyosema, mpaka hutakumbuka, kwa hiyo haitakuuma. Msichana aliyekaa benchi la pili alikuwa anasikia, na mama yake pia. Nikaendelea.

"Na mimi nikajibu nini?"

"Hukujibu kwanza. Ulikuwa unamshikilia. Halafu ukanitazama mikono, ukaona matope, ukasema, 'Kanawe mtoni kabla hujafika nyumbani, watayaona.'"

Karani alipita na majalada, akaturuka miguu.

"Nilisema hivyo?"

"Ndiyo."

"Kwa hasira?"

Nilifikiri kabla ya kujibu. Hakuna mtu mwingine duniani ambaye angeweza kunisahihisha, na ningeweza kumpa jibu lolote.

"Hapana," nikasema. "Kama mtu anayemkumbusha mdogo wake achukue sweta."

Akafuta macho kwa kiganja, haraka, akasimama na kuning'iniza mkoba begani.

"Jumapili nitakuja kwako baada ya kanisa," akasema. "Uanze tena mwanzo. Na ule wimbo uliotajwa kwenye jalada, uliza watu wa Mama Enea nilikuwa naimba nini. Mimi siwezi kwenda kuwauliza. Uende wewe."

"Nitakwenda."

"Wakikufukuza?"

"Nitarudi tena."

Alishuka ngazi akishika ukuta. Nikanyanyuka kwenye benchi, maana palikuwa na watoto wamesimama wanasubiri mahali pa kukaa, nikatoka kuulizia njia ya kwa kina Enea.